Ndege ya Bolot Iliyobaki Kathmandu

Jumanne, 16 Januari 2024

Leo nimekaa kwenye kiti cha Bolot. Kimebonyea upande mmoja, upande wake. Nimekaa hivyo hivyo, nimeinama kushoto kama yeye.

Vadim ndiye aliyenisukuma. Yuko Almaty, sijawahi kumwona, kwangu ni sauti tu. Jioni huongoza ndege za kompyuta kwenye redio ya mtandaoni, kwa kujitolea, kama mtu asiye na mke. Amepiga simu: ndege ya kaka yako bado iko Kathmandu, itakaa huko mpaka lini?

Kweli iko Kathmandu. Bolot aliiegesha huko Machi mwaka jana, kwenye mchezo wake wa kompyuta, akalala, asubuhi akaenda kazini, moyo ukasimama kwenye ngazi za ofisi. Mchezoni alikuwa na sheria moja: ndege huanzia pale ilipoishia. Hakuna kuihamisha kwa kubonyeza. Ikianguka, safari imeisha. Hakuwahi kuiangusha. Kutoka Bishkek hadi Kathmandu, ndege ile ile ndogo ya injini mbili, na uchakavu wake wote mashine inaukumbuka.

Hitima ya mwaka ni tarehe tisa Machi, kabla ya Ramadhani. Baada ya hapo kompyuta inakwenda kwa binamu aliye chuoni, Mama ameshaahidi. Chumba kitakuwa cha wageni. Kwa hiyo ama ndege inafika nyumbani kabla ya hitima, ama haifiki tena.

Nimejiambia haya kwa sauti na sikuhisi kitu. Mwaka mzima sihisi kitu. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, ganzi naijua: daktari anagonga jino, mgonjwa anasikia mlio, lakini jino halipo.

Nimepaa. Ndege inanijua kidogo — nilikuwa rubani wake msaidizi, yule wa kushika ramani na kuchemsha chai. Katikati ya njia, taa! Jenereta ya kushoto imekufa. Nimefanya alivyonifundisha: kwanza endesha ndege, taa baadaye. Nimezima visivyo vya lazima. Nimerudisha fyuzi. Nimezima jenereta, nimewasha. Bado. Tena. Bado. Mara ya tatu imerudi.

Nimetua Delhi. Nimejiona fundi.

Alhamisi, 18 Januari

Nyumba nzima inanuka mafuta ya moto. Mama anakaanga boorsok, vile vipande vya unga, kila Alhamisi ili harufu imfikie marehemu. Nimemwambia majirani nao inawafikia. Ameongeza vipande kwenye mafuta.

Vadim anasema huenda Bolot aliruhusu hitilafu za kubahatisha, zile ambazo mchezo wenyewe unakuchagulia. Nimefungua ukurasa wa hitilafu hizo. Zimefungwa zote. Nimeangalia uchakavu: jenereta zote mbili nzima, mpya kuliko friji yetu.

Basi ni umeme, kasema. Januari ya Bishkek, umeme unapanda na kushuka, kompyuta inachanganyikiwa. Huenda.

Jumapili, 21 Januari

Delhi hadi Lahore. Hakuna kilichoharibika. Vadim: "Nilikwambia nini? Umeme!" Kafurahi kama ameniposa.

Nilitua vizuri. Nikafunga, nikaosha vyombo.

Jumatano, 24 Januari

Lahore hadi Peshawar. Nilikuwa juu ya mawingu, nimetulia, nakula. Mshale wa mwendo ukaanza kushuka. Ukashuka. Ukafika sifuri!

Ndege inayokwenda mwendo sifuri huwa imeshaanguka, na yangu haikuanguka, kwa hiyo mwongo ni mshale. Puani kuna kijibomba kinachopima upepo. Kikiganda barafu mshale unalala. Nikaangalia kipasha-joto chake. Kimewashwa. Nikazima, nikawasha. Hakuna. Vadim sikioni: "Begimai, usishushe pua! Usiuamini mshale!" Najua, Vadim. Bolot alinifundisha kwa kuufunika mshale kwa karatasi ya pipi: nguvu ya injini unaijua, mkao wa pua unaujua, basi mwendo unaujua. Nikaruka hivyo, bila mshale.

Kisha ukarudi. Peke yake. Sikuwa nimegusa kitu.

Nilipiga kelele mshale uliporudi, mpaka Mama akaja mlangoni. Ilikuwa sauti tu, ndani hapakuwa na kitu.

Jumamosi, 27 Januari

Siku nzima ya ufundi. Nimebadilisha nyaya za usukani. Nimeondoa sasisho la mwisho la mchezo, nimelirudisha. Nimepitia vitufe vyote vya usukani, labda kimoja kinafanya kazi mbili. Hakuna. Vadim akasema angalia kibodi, labda kitufe kimenasa.

Nikaigeuza kibodi juu chini, nikaipiga kofi. Zikamwagika chenga za boorsok. Nyingi! Alikuwa anakula hapa hapa, nikimkataza, akiapa kwamba hali chochote hapa.

Nikazikusanya kwa ncha ya kidole, zikawa kilima kidogo mezani. Nikazitazama. Nilifikiri sasa nitalia, nikangoja. Sikulia. Mama akaja na kitambaa kupangusa meza, akazipangusa, na mimi nikainua kibodi ili afikie.

Jumanne, 6 Februari

Peshawar hadi Dushanbe, juu ya milima yote ile. Nimechoka mpaka kuandika ni shida, lakini naandika.

Mshale wa mwendo: umelala, umeamka. Mshale wa mwendo: umelala, umeamka. Injini ya kulia imezimika juu kabisa ya theluji, nikaanza kushuka, nikatafuta bonde, Vadim akanyamaza (Vadim kunyamaza ni habari), halafu injini ikawa tayari kuwaka tena kama iliyokuwa imekwenda chooni. Na Dushanbe kwenyewe, magurudumu yakakataa kushuka. Nilizunguka uwanja huku napampu kwa mkono, yaani nabonyeza kitufe kimoja mpaka kidole kikauma. Taa tatu za kijani zikawaka, moja moja, kwa kujivuta.

Nikasema, "Bolot, acha utani."

Kwa sauti. Chumbani peke yangu.

Kwa sababu ndivyo alivyokuwa! Alipokuwa ananifundisha alikaa kitandani nyuma yangu, kimya, akitafuna. Ghafla injini inakufa. Nageuka: anaangalia dari. "Mimi? Nimefanya nini mimi? Endesha ndege, Begi." Nikipona ananirushia boorsok moja. Nikianguka anakula mwenyewe.

Sasa nafikiri hivi: je, kama aliniachia hizi hitilafu? Kama alizipanga mapema, moja baada ya nyingine, kwa siku nitakayokaa kwenye kiti?

Nilikuwa na hasira naye usiku wa leo. Hasira kabisa, mashavu yamewaka moto. Haijanitokea tangu mwaka jana na sikutaka iishe.

Jumapili, 11 Februari

Nimezunguka uwanja wa Dushanbe, kupaa na kutua, kupaa na kutua. Nimemngoja. Nimemwambia haya, leta! Nimezungumza sana leo, nashukuru Mungu hakuna aliyesikia.

Hakuna kitu. Ndege nzima kama yai.

Na siku ya Lahore pia ilikuwa Jumapili. Bolot hakuwa mtu wa kupumzika Jumapili. Akipanga utani angeupanga Jumapili asubuhi, nikiwa na usingizi. Nimemwambia Vadim. Kasema, labda hitilafu zako zinakwenda kanisani. Nimekata simu.

Jumatano, 14 Februari

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Nilikuwa kazini, na jino la mtu mkononi, nikajiuliza swali nililopaswa kujiuliza mwezi uliopita: alikuwa kitandani nyuma yangu, mbali na kibodi — injini alikuwa anaizima kwa kitu gani? Kwa tableti! Ile ndogo, iliyopasuka pembeni. Ilikuwa na picha ya ndege inayotembea kwenye ramani, na ukiigusa ndege inakuwa kubwa: ukigusa bawa, kitu cha bawa kinakufa na sehemu ile inakuwa nyekundu. Ukigusa tena, kinapona. Aliiunganisha kwenye intaneti ili aone ndege yake hata akiwa kazini.

Nimerudi nyumbani nikapekua makabati. Nimemuuliza Mama. Alikuwa anakata unga wa tambi, hakuinua hata uso.

"Ilikuwa kwenye koti," kasema.

"Koti gani?"

"Koti lake la baridi. Mfuko wa ndani. Alikuwa nalo siku ile."

Koti la baridi alipewa Baba Mkubwa Sharshen. Ndugu wa marehemu Baba, yuko kijijini At-Bashy, ndiye aliyemwosha Bolot. Kwetu anayemwosha maiti hupewa nguo za maiti, na Mama alizitoa zote siku ile bila kupekua mifuko. Nani angepekua mifuko siku ile?

Nikasema nitampigia anirudishie. Mama akaweka kisu chini. "Utafanya nini? Kitu alichopewa mwosha unakiomba? Kitakachosemwa huko ni kwamba tumemnyang'anya. Usithubutu, Begimai."

Nikachukua kisu, nikaendelea kukata unga. Niliwaza mnada wa mifugo wa At-Bashy, ambao Baba Mkubwa haukosi. Siku yake ni Jumapili.

Kwa hiyo si Bolot. Nilijua si yeye, mtu mzima mimi. Lakini hasira ile ilizimika hapo hapo, na mahali pake pakarudi ganzi, na nikala tambi.

Alhamisi, 15 Februari

Nimempigia Baba Mkubwa. Naandika yote kabla sijasahau alivyosema.

Salamu kwanza. Afya, ng'ombe, theluji, goti lake, goti la mke wake. Nikasema, Baba Mkubwa, ile tableti iliyokuwa kwenye koti.

Akauliza kwanza kama niko peke yangu. Kisha polepole: "Mama yako anaitaka?"

"Hapana. Siombi. Nauliza tu."

"Kwa sababu haiombwi."

"Najua. Siombi, Baba Mkubwa."

"Basi sawa. Ipo. Mkwe wangu Nargiza ndiye aliyeichaji, akaitia intaneti ya hapa. Mimi nilidhani ni ya kusomea Kurani. Kumbe ina ndege."

"Unaiona ndege?"

"Naiona. Tangu majira ya baridi yaanze ilikuwa imelala tu, mahali fulani kusini. Nikawa naitazama imelala. Halafu mwezi uliopita, nimetoka kulisha ng'ombe, naiwasha — inatembea!" Akakohoa. "Nilikaa chini, mwanangu. Goti lenyewe lilinikalisha. Tangu hapo kila jioni, isipokuwa siku ya mnada, narudi nimechoka."

"Ikitembea unafanya nini?"

Nikasikia mlango, mtu anaingia na ndoo.

"Naigusa," akasema.

"Unagusa wapi?"

"Siku ya kwanza popote. Sasa naanza kichwani. Halafu upande huu, halafu upande huu." Sauti ikashuka. "Kama siku ile nilivyom... Unajua. Taratibu tu. Ikiguswa inakuwa nyekundu, nadhani imesikia. Nagusa tena, inarudi kijani. Basi, nafunga, naenda kuswali."

Nikaweka kikombe cha chai chini. Nikaangalia ukuta. Nikasema, "Baba Mkubwa, ni mimi ninayeiendesha."

"Mimi sijasema ni yeye," akanijibu kwa ukali. "Nimemwosha kwa mikono hii. Mimi najua kuliko nyinyi wote pale alipo." Halafu, kwa upole: "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na kule kupinda kama mlevi, juu ya milima ya Waafghani, ni wewe?"

"Ulikuwa umenizimia injini!"

Ikabidi nimweleze. Kila akigusa, kitu kinakufa. Kichwani, mwendo. Tumboni, magurudumu. Nikamwambia naipeleka ndege nyumbani kabla ya hitima, na ikianguka ndiyo basi, hairudi tena. Nilieleza taratibu, kama ninavyomweleza mteja meno yake mapya. Nikasikia anapumua.

"Astaghafirullah," akasema. "Nami nikidhani namsalimia. Nimekuwa namuua binti wa ndugu yangu kila jioni!"

"Si kuua. Mimi niko kwenye kiti, Baba Mkubwa. Nina chai."

"Sitagusa. Kamwe. Mkono utakatika lakini sitagusa." Kisha, kama mtu anayeomba ruhusa nyumbani kwake mwenyewe: "Kuangalia naruhusiwa?"

Nikasema anaruhusiwa.

Baadaye Vadim akanieleza, kwa sauti ya daktari, kwamba naweza kuikata tableti kabisa. Swichi moja tu kwenye ukurasa wa pili, hakuna haja ya kuombana na wazee. Nikamuuliza nikiikata, mzee ataona nini? Akasema hataona kitu, skrini nyeupe.

Nimeiacha.

Jumamosi, 24 Februari

Dushanbe hadi Osh. Shwari. Vadim anasema ndiyo safari safi kuliko zote. Najua.

Mama anahesabu wageni kwa vidole na kuanza upya. Hitima itakuwa At-Bashy, uani kwa Baba Mkubwa, karibu na kaburi. Farasi wa kuchinjia wageni ameshapatikana.

Alhamisi, 29 Februari

Nimeibandika picha ya Bolot kwenye fremu mpya, ya kupeleka. Binamu amepiga kuuliza kompyuta ina uwezo gani wa michoro. Nimemjibu vizuri sana, kwa adabu, na nikajichukia kidogo tu.

Theluji inayeyuka barabarani. Moshi wa makaa umepungua.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake, mji mzima unatembea na maua. Nimefunga mapazia.

Mama alikwenda At-Bashy juzi na sufuria zote. Mimi natoka alfajiri. Binamu naye anakuja alfajiri, na gari, kwa ajili ya kompyuta. Kwa hiyo ni leo au basi.

Nimepaa kutoka Osh jua likiwa bado juu. Naandika na ndege ikijiendesha yenyewe, daftari limekaa kwenye goti. Bwawa la Toktogul limepita chini, bluu. Sasa bonde la Suusamyr, jeupe tupu. Mbele ukuta wa mwisho wa milima, na nyuma ya ukuta ni Bishkek, uwanja, kiegesho alikoondokea Bolot. Vadim sikioni anasema hali ya hewa nzuri, hakuna ndege nyingine, nchi yote ni yako.

Nimekagua kila kitu. Jenereta mbili. Mwendo. Mafuta. Joto la injini. Kijani, kijani, kijani. Nimekagua tena. Sijawahi kuiona ndege hii nzima namna hii na siipendi. Ni kama nyumba baada ya wageni. Itatua, nitazima swichi moja moja, halafu nini? Skrini nyeusi. Mtu aje na gari.

Mikono inakagua mara ya tatu, bila kuambiwa. Nimeitazama: ni yangu.

Nimepiga simu At-Bashy. Amepokea Nargiza, nyuma yake kelele za wanawake, mafuta yanachemka, mtu anacheka, Mama anauliza ni nani. Nikasema nimpate Baba Mkubwa. Haraka.

"Mwanangu! Nakuona! Uko karibu kabisa, uko juu ya malisho ya babu yako pale. Na unakwenda wima, mashallah, leo hupindi." Akaongeza haraka, "Sijagusa. Uliza yeyote hapa. Hata vumbi silifuti."

"Najua," nikasema. "Baba Mkubwa, gusa."

"Nini?"

"Gusa."

"Uko juu ya milima, mtoto! Uliniambia injini..."

"Nitaendesha. Alinifundisha. Gusa tu."

Pua yangu imeziba, nilikuwa nasema kama mtu aliyechomwa sindano ya meno, na machozi yanadondokea kibodi, na nilisikia kila tone. Vadim anauliza mbona niko kimya. Avue visikilizi, aende kunywa chai.

Baba Mkubwa amegeuka mbali na simu. Kisha akaita, si mimi, anaita ndani ya nyumba, kwa sauti kubwa ya mtu wa mnadani, wanyamaze wote. Na kelele zote za wanawake zikakatika.

"Niguse wapi?" akaniuliza.

"Anza kichwani."

"Haya," amesema. "Haya. Ngoja."

Nimeondoa rubani wa mashine. Usukani niko nao mwenyewe, mkono mmoja, huu mwingine unaandika. Ukuta wa milima unakuja. Simu iko wazi mezani, namsikia anapapasa, anaguna, anamuuliza Mama.

Anatafuta miwani.